Nyama ya Baba Mkwe

Juu ya kabati la vyombo la Evelina, hapa Igoma, kuna jiko la umeme lisilo na chungu. Limebaki ganda tu, jeupe, lenye kitufe kimoja pembeni na waya uliozungushwa ukafungwa kwa uzi. Chungu chake kilivunjika Jumapili moja mwishoni mwa kiangazi, na aliyekivunja ni Evelina mwenyewe, kwa makusudi. Mimi ni mpangaji wa chumba cha uani katika nyumba hiyohiyo, na haya ninayoyaandika amenisimulia yeye. Alikubali niyaandike kwa sharti moja: nisimfanye baba mkwe wake aonekane mtu mbaya. Si mtu mbaya. Ndiyo maana jambo hili linanichoma.

Evelina ni Mhaya wa Muleba. Kabla ya kuolewa alikuwa mpishi katika nyumba ya masista, na mmoja wao, mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, alimwachia lile jiko. Ni jiko la watu wasio na haraka. Unaweka nyama asubuhi, unafunika, unakwenda zako. Mchana unakuta minofu inaachana kwa kijiko. Sista alimpa agizo moja: usifunue. Kila ukifunua, moto unatoka na nyama inarudi nyuma. Watu wa nyumba yetu walilibandika jiko lile jina la Sista, kwa kuwa lilikuwa limetulia na halikupenda kusumbuliwa. Mvua zilipoanza na watu kurudi wameloa, ilitosha mtu kusema, "Leo Sista anapika," tukajua jioni itakuwa njema.

Mume wake anaitwa Ndalahwa, Msukuma, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha karibu na barabara ya Musoma. Baba yake Ndalahwa, Mzee Chenge, anafuga ng'ombe kijijini, mbele ya Magu. Huyu mzee hakuja kwenye harusi. Alisema Mhaya atamfundisha mwanawe kula kwa uma, na siku moja mwanawe atamsalimia babaye kupitia dirishani. Kila alipofika Mwanza kwa shughuli zake alisimama getini, akaitikia shikamoo ya Evelina, akanywa maji akiwa wima, akaondoka. Chakula cha nyumba ile hakuwahi kukitia mdomoni. Evelina hakuwahi kulalamika mbele ya mtu. Ila niliona, kila mzee alipopita, kile kikombe cha maji alikiosha taratibu kuliko vyombo vingine.

Basi Jumapili hiyo, kabla jua halijapanda, mzee akapiga hodi. Hakuwa getini. Alikuwa mlangoni kabisa, amevaa koti lake la kahawia, na chini ya miguu yake ndoo ya plastiki yenye mfuniko uliofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Evelina akapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

Mwanangu. Tangu aolewe alikuwa akiitwa "mke wa Ndalahwa", tena kwa sauti ya mtu anayesoma jina asilolijua. Ananiambia alibaki amepiga magoti muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakutaka mzee aone macho yake.

"Nimewaletea nyama," mzee akasema. "Leo nakula hapa. Nasikia una jungu la Kizungu linalopika lenyewe."

"Lipo, baba."

"Hizo ndizi zenu usiniwekee lakini. Meno yangu ni ya Kisukuma."

Ndalahwa alitoka chumbani na shati halijafungwa vifungo, akacheka kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho, cha mtoto aliyerudishiwa kitu. Akamshika baba yake mkono, wakakaa, wakaongea habari za malisho na ukame. Kisha wakatoka kwenda kuona karakana, na baada ya hapo kanisani. Evelina akabaki na ndoo.

Akafungua mfuniko.

Nyama ilikuwa nyingi, mapande makubwa ya bega. Lakini chini ya nyama palikuwa na damu, na ile damu ilikuwa nyeusi. Akainamisha ndoo kidogo. Damu ikafuata upande ule, ikarudi, nyepesi kama chai ya rangi. Nyama imetoka kijijini, imepigwa na baridi ya alfajiri, na damu haijaganda hata tone.

Evelina alikaa juu ya kigoda. Alikumbuka uwanja wa nyumba ya jirani yao kule Muleba, yeye akiwa binti mdogo: ng'ombe amelala miguu juu, tumbo limejaa kama ngoma, damu nyeusi inamtoka puani. Jirani alimchuna ng'ombe yule. Baba yake Evelina alikataa fungu aliloletewa, akagombana na watu, akaitwa mchoyo wa shukrani. Halafu wakaja watu wa mifugo, wakachoma kila kitu, na neno lililobaki kijijini baada ya mazishi ya walioila nyama ile lilikuwa moja: kimeta.

Sasa, msomaji utauliza: kwa nini hakumwuliza mzee ng'ombe amekufaje? Hapo ndipo penyewe. Mke haulizi hivyo. Baba mkwe akileta nyama, mkwe wa kike anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, anapika. Kuuliza ng'ombe amechinjwa au ameanguka mwenyewe ni kumwambia mzee uso kwa uso kwamba amebeba mzoga. Na ng'ombe akianguka kule kwao hatupwi. Ni mali, ni kazi ya miaka. Anachunwa upesi, anagawiwa ndugu na majirani, na anayekataa fungu lake amemkataa mgawaji. Sisi tuliosoma tunapenda kucheka hapo, tukisema watu hawaelewi. Mimi sicheki. Chanjo ya ugonjwa huu ipo, na haikugunduliwa jana. Nendeni kijijini kwa Mzee Chenge mkaulize ni lini mara ya mwisho waliiona. Mtu ambaye hajaletewa daktari wala chanjo, aliyeachwa peke yake na ng'ombe aliyekufa, mnataka afanye nini? Azike utajiri wake kwa kuamini tangazo ambalo hakuna aliyekuja kumtangazia?

Evelina alimpigia mumewe simu. Ndalahwa akasogea pembeni ya karakana.

"Damu yake nyeusi," akamwambia. "Haigandi. Mume wangu, huyu ng'ombe hakuchinjwa."

Ndalahwa akashusha sauti: "Unataka nimwambie baba ameleta mzoga? Leo?"

"Mwulize tu."

"Evelina. Baba ameketi kwenye kiti chako leo. Unajua nimeisubiri siku hii tangu lini?"

"Najua. Nami nimeisubiri."

"Basi pika. Hiyo Sista yako si inapika nusu siku nzima? Kitu kikipikwa hivyo ugonjwa gani utabaki?"

Nimewasikia watu wengi wakisema hivyo, wengine wana shahada kama yangu. Tunaamini moto husafisha kila kitu ukiupa muda. Lakini jiko lile halichemshi kwa nguvu. Linapasha na kutokosa polepole, ndiyo sifa yake, na vijidudu vya kimeta vina mbegu ambazo hata mchemko wa kawaida haziuogopi. Evelina hakuyajua hayo ya mbegu. Alichokijua ni uwanja wa Muleba.

Akapika. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi kwa sababu kidole chake cha shahada kilikuwa na mkato wa kisu. Alikaanga mapande kwenye sufuria mpaka yakawa ya kahawia nje, akayapanga ndani ya chungu, akaweka vitunguu, karoti, viazi mviringo, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na nyanya mbili za kuponda. Akafunika. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

Halafu akangoja umeme ukatike. Ananiambia hakuwahi kuomba hivyo maishani mwake. Wiki ile ulikuwa umekatika karibu kila mchana, watu wa saluni ya jirani walikuwa wamechoka kulaani. Ukikatika leo, nyama itakaa nusu mbichi, atasema imeharibika, ataitupa, na hakuna atakayeaibika. Umeme haukukatika. Taa ile ilibaki imewaka, na mfuniko wa kioo ukaanza kuingia ukungu.

Ilipofika saa tano, harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima. Nilikuwa uani nikifua, na nakiri ilinifanya niache kufua. Harufu ya mchuzi mzito, ya vitunguu vilivyoyeyuka, ya nyumba ambayo hakuna ubaya unaoweza kuifikia. Nikamwambia kupitia dirishani, "Dada Evelina, leo Sista amejizidi."

Alikuwa amesimama mbele ya jiko, mikono kifuani, akitazama mapovu yakipanda chini ya kioo moja moja. Nilidhani anasali.

Walirudi kutoka kanisani wakiwa na furaha. Ndalahwa aliingia jikoni, akamtazama mkewe, akatazama chungu, akatoka. Mzee Chenge aliketi kwenye kochi kubwa, akavuta hewa kwa pua.

"Hii harufu ingenifikia kijijini," akasema, "ningekuja zamani."

"Ungekula kwa uma, baba," Ndalahwa akamtania.

"Ningekula hata kwa koleo."

Evelina akaja na jagi na beseni, taulo begani. Akapiga magoti mbele ya mzee amnawishe, kama inavyopasa. Mzee akavua koti, akakunja mkono wa shati la kulia. Evelina akaanza kumimina maji, na hapo akaona.

Chini kidogo ya kiwiko palikuwa na kidonda, duara, cheusi katikati kama kipande cha mkaa kilichobandikwa, na pembeni yake malengelenge madogo. Mkono ulikuwa umevimba mpaka karibu na kifundo.

Maji yakaendelea kumiminika mpaka yakajaa beseni.

"Mwanangu, unanizamisha," mzee akacheka.

"Baba, samahani. Hiki kidonda... kinauma?"

"Hata kidogo. Ndiyo ajabu yake. Kilianza kama umeumwa na mbu. Nimekipata juzi juzi, baada ya kumchuna yule wa kwanza."

"Wa kwanza?"

"Ng'ombe wa kwanza. Alianguka wiki iliyopita, jike zuri tu. Huyu wa leo ni wa pili. Jua la mwaka huu linawaua." Akajifuta mikono kwa taulo. "Masalu, jirani yangu aliyenisaidia kuchuna, yeye chake kimetoka shingoni. Kimemlaza kabisa. Lakini Masalu naye, akiumwa kidole kijiji kizima lazima kijue."

Ndalahwa alicheka, lakini kicheko kikafia katikati. Evelina aliinuka na beseni, akaenda jikoni.

Anasema alisimama pale, na mawazo yake yote yalikuwa mahali pamoja: nisimwaibishe, na wasile. Vyote viwili. Ilionekana kuna njia. Akachomoa waya, akakishika chungu kwa vitambaa viwili, akakitoa ndani ya ganda lake kikiwa kimejaa, kizito, kinafuka. Akatembea nacho mpaka mlango wa sebuleni, mahali ambapo mzee atamwona vizuri. Akaachia.

Mlio ulinitoa uani. Nilipofika mlangoni, vipande vya chungu vilikuwa vimetapakaa, viazi vimeviringika mpaka chini ya meza, mchuzi unatambaa sakafuni. Evelina alikuwa ameungua mguu na hakuwa akiutazama.

Mzee Chenge alikwisha ruka kutoka kwenye kochi. Nilitegemea atafoka. Chakula cha kwanza, siku ya kwanza, kimemwagwa mbele yake! Lakini mzee alipiga goti moja kwenye mchuzi ule na kumshika Evelina kifundo cha mguu.

"Umeungua, mwanangu? Leteni maji! Ndalahwa, maji ya baridi, unasimama kama nguzo!"

Evelina akaanza kulia. Mzee akadhani analia kwa maumivu, au kwa haya.

"Nyamaza, nyamaza. Chungu kitu gani? Nyama kitu gani? Nyama ipo. Paja zima nimemwachia Kija pale Bujora nilipopita, wanabatiza mtoto leo, wanapika kwa ajili ya mtaa mzima. Tutakwenda huko tukale. Nitawaambia mkwe wangu amenimwagia mchuzi miguuni, na nimemsamehe."

Kija ni dada yake Ndalahwa. Mtaa mzima.

Hapo nilimwona Evelina akibadilika. Alijifuta machozi kwa mgongo wa kiganja, akamtazama baba mkwe wake usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Baba, nimekivunja makusudi."

"Unasemaje?"

"Evelina, nyamaza," Ndalahwa akasema.

"Sinyamazi. Baba, hii nyama ina kimeta. Niliona damu asubuhi. Kidonda chako ni hichohicho, na cha Masalu ni hichohicho. Kwetu nimeona watu wakizikwa. Nimevunja chungu ili usile na usiaibike. Lakini wa Bujora siwezi kuwavunjia chungu nikiwa hapa."

Mzee Chenge aliinuka polepole. Alitazama mkono wake, akaugeuza kwenye mwanga, kana kwamba ndiyo kwanza anakiona kile kidonda. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Wewe ulijua?"

Ndalahwa akatazama sakafu.

"Mkeo alikuambia?"

"Aliniambia, baba."

"Ukamwambia apike."

"Nilikuheshimu, baba."

"Uliniheshimu," mzee akarudia. Sidhani Ndalahwa atalisahau neno lile lilivyotamkwa.

Evelina alikwisha piga simu, akaiweka sauti ya juu. Muziki, vicheko, sufuria zikigongana.

"Wifi!" Kija alipaza sauti. "Baba amefika? Ameshakula mapishi yako ya kitawa?"

"Wifi, nisikilize. Nyama aliyowaachia baba, msiile. Ng'ombe alikuwa na kimeta."

"Na nini?"

"Kimeta. Ugonjwa. Usimpe mtu."

Kija alicheka, si kwa ubaya. "Jamani Wahaya! Mkiletewa nyama mnataka na cheti chake? Mwenzangu, watu wamekaa, tunapakua sasa hivi. Baba mwenyewe kaileta kwa mikono yake."

"Wifi, nakuomba kwa jina la Mungu..."

"Kesho, wifi, tutaongea kesho, hapa watu wana njaa."

Mzee Chenge akanyoosha mkono, ule uliovimba, akaichukua simu. Aliishika mbele ya mdomo. Tulimwona akivuta pumzi. Kule Bujora walikuwa ndugu zake wote, watu wanaomjua kwa ng'ombe wake, watu ambao hakuna aliyewahi kumsikia akisema amekosea.

"Kija. Ni mimi. Weka upawa chini."

"Baba? Lakini watu wameshakaa."

"Waambie wainuke."

"Niwaambie nini, baba? Niwaambie nini mbele za watu?"

"Waambie baba yako amewaletea mzoga," akasema. "Sema hivyohivyo. Sema kwa sauti. Anayebisha mpe simu, aongee na mimi."

Muziki ukazimwa upande ule. Tukasikia Kija akisema kitu, kisha manung'uniko, kisha sauti ya viti vya plastiki.

"Kuna aliyeanza kula?" mzee akauliza.

"Watu wazima, hapana. Watoto tu. Watoto tuliwaonjesha mchuzi, walikuwa wanalia njaa."

"Wapeleke hospitali. Wote. Sasa hivi, na nguo hizohizo. Waambie wauguzi neno alilosema wifi yako. Neno gani lile?"

"Kimeta," Evelina akasema.

"Kimeta. Umesikia? Na mimi nakuja."

Ndalahwa alikuwa tayari amekwenda kutafuta bajaji. Tulimsikia akiita barabarani kwa sauti iliyopasuka. Mimi nikasogeza meza kuziba njia, maana paka wa saluni alikuwa ameingia na alikuwa analamba sakafu karibu na mlango. Nilimfukuza kwa ufagio. Alikimbia akiwa na kipande mdomoni.

Mzee akampigia Masalu. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Mara ya tatu ikapokelewa, lakini hakuna aliyesema haloo. Nadhani mtu aliishika tu ili inyamaze. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake, nyingi, zikipanda pamoja na kushuka pamoja. Hakuna mtu wa huku asiyeijua sauti ile.

Mzee Chenge aliiweka simu mezani, kati ya sahani safi ambazo hazikuwahi kupakuliwa kitu. Bajaji ikapiga honi nje. Evelina akachukua kanga, akajifunga mguu, akamletea koti lake. Mzee hakulipokea. Alikuwa ameshika mikono yake mbele, mbali na mwili, kama mtu aliyebeba kitu asichojua pa kukiweka.

"Ninawishe tena," akasema. "Ninawishe, mwanangu, kabla hatujaondoka."

Evelina akaleta jagi. Hakupiga magoti safari hii, na mzee hakuonekana kuona. Alimimina maji, na mzee akaisugua mikono yake kwa sabuni, mpaka viwikoni, akapita pembeni ya kile cheusi kisichouma, akarudia, akarudia tena, huku honi ikiita.